Tuta la Mita Nne Nyuma ya Jiko

Hotuba kwa wakazi wa Dar es Salaam wanaoanza bustani za nyumbani, mwanzo wa kipupwe

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba na vijana, habari za asubuhi.

Masika yamekwisha, Juni imeingia, jua limepunguza ukali na usiku kuna kaubaridi. Kwa mtu wa pwani anayetaka kulima mboga nyuma ya nyumba, huu ndio wakati mzuri kuliko wote katika mwaka. Kuanzia sasa hadi Septemba nyanya hushika matunda vizuri, kotimiri haikimbilii kutoa maua, na magonjwa ya majani yanayopenda mvua hupungua. Yanabaki mawili ya kuhangaika nayo, mchanga na maji, na tutakaa nayo kwanza kabla hatujagusa mbegu.

Wengi waliokata tamaa na bustani mjini hapa husema kiwanja chao ni kidogo. Udogo wa kiwanja haujamshinda mtu. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 linatosha kuipatia nyumba mchicha kila wiki, ilimradi mchanga wake umelishwa na halikai wazi. Kinachowaangusha watu ni kupanda tuta zima siku moja. Mboga zote zinakomaa pamoja, zinaliwa mpaka watoto wanazikataa, zinazobaki zinatoa maua, kisha mwezi mzima hakuna cha kuchuma na tuta linakuwa mahali pa kuku kuogea vumbi. Inauma kuona hivyo, maana kazi ngumu ya kuchimba ilikwisha kufanyika.

Sasa mchanga. Chota konzi ya udongo wa nyuma ya nyumba yako, iwe Kigamboni, Mbagala au Tegeta, uloweshe, ukamue, halafu fungua kiganja. Ukimomonyoka wote mara moja, huo ni mchanga usio na kitu cha kushika maji wala chakula. Maji ya asubuhi yanashuka chini ya mizizi kabla ya adhuhuri na kuondoka na mbolea. Ndiyo maana mtu ananunua mbolea ya dukani, anaimwaga, majani yanapendeza wiki moja, kisha yanarudi kuwa ya njano. Mchanga wa namna hii dawa yake ni mboji na samadi iliyoiva, na kwa kiasi cha kutosha kweli: ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita ya mraba, zichanganywe na udongo hadi kina cha sentimita 20. Tuta letu la mita 4 linakula ndoo nane. Najua ndoo nane ni nyingi kwa siku moja, lakini hiyo ni mara ya kwanza tu. Baada ya hapo ni nusu ndoo kwa kila mita ya mraba kila unapopanda upya. Usiache nusu ndoo hiyo. Joto la pwani linaimaliza mboji haraka kuliko Lushoto au Njombe, na mkulima wa huku asiyeongeza kila mzunguko atarudi kwenye mchanga ule ule kabla ya mwaka kuisha.

Samadi inayopatikana kirahisi mjini ni ya kuku, na ndiyo inayounguza mimea mingi kuliko nyingine zote. Ikitoka bandani ni kali. Miche inaanza kukauka kwenye kingo za majani, kisha inalala. Irundike kivulini, iloweshe, ifunike kwa turubai au majani ya mgomba, uigeuze kila wiki mbili, na iache wiki 6 hadi 8. Kabla ya kuitumia, ingiza mkono katikati ya rundo. Ukikuta joto, au harufu inayobana pua, bado. Iliyoiva hunuka kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Jihadharini pia na maranda ya mbao yanayotandazwa kwenye mabanda. Maranda mabichi yakichanganywa na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni, yaani chakula kinachoyapa majani ukijani, na mboga zinageuka njano hata kama samadi ilikuwa nyingi. Rundo lenye maranda mengi liache miezi 3 au zaidi.

Mboji ya jikoni kila nyumba inaweza kuitengeneza kwenye pipa lililotobolewa chini na ubavuni. Tia maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa, majani uliyong'oa. Usitie nyama, vichwa vya samaki wala mafuta, kwa sababu utaita panya. Kwa ndoo moja ya vitu vibichi, tia ndoo mbili za vitu vikavu: majani makavu, mabua, makapi ya mpunga. Ukichota na kukamua, yatoke matone mawili matatu kati ya vidole. Maji yakitiririka, rundo litanuka uvundo, basi ongeza makavu. Likiwa kavu, sisimizi na mchwa watahamia humo, basi nyunyiza maji. Ukiligeuza kila wiki mbili, kwa joto letu utapata mboji baada ya miezi 2 hadi 3.

Umbo la tuta lifuate msimu. Wakati wa masika tunanyanyua tuta sentimita 15 hadi 20 ili mizizi isikae majini. Sasa hivi fanyeni kinyume chake: tuta la mbonyeo, ambalo uso wake uko sentimita 10 chini ya njia, na kingo zake zimeinuliwa kidogo. Maji yanabaki yalipomwagwa na upepo wa kusi haukaushi uso haraka. Upana usizidi mita 1.2, kwa sababu mkono wa mtu mzima unafika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani. Tuta lililokanyagwa linashindiliwa, na mizizi inabaki juu juu.

Kwa maji, kanuni ya kukumbuka ni tuta moja, dumu moja. Mita 4 za mraba zinahitaji kama lita 20 kwa siku wakati huu, nusu asubuhi na nusu jioni, kwa keni yenye matundu madogo. Januari na Februari pandisha hadi lita 30. Kwenye mchanga, kumwaga dumu zima kwa mkupuo mmoja ni hasara. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 baada ya miche kusimama, ukiacha vidole vitatu wazi kuzunguka shina ili lisioze. Mchwa wakija, ondoa matandazo yaliyogusa shina na lowesha zaidi, kwani wanafuata vitu vikavu.

Nyumba zinazotumia maji ya kisima kifupi karibu na bahari zionje maji hayo. Dalili za chumvi zinaonekana hata bila kuonja: ukoko mweupe juu ya udongo kukikauka, na ncha za majani kuungua huku katikati kukiwa kijani. Hapo spinachi itavumilia, maharage hayatavumilia. Kinga maji ya mvua kila ukipata, na mvua ikinyesha acha ioshe tuta vizuri. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri. Yenye sabuni ya unga usiyamwage kwenye tuta, yanaongeza chumvi. Na maji ya mtaro hayafai kabisa, hata kama mboga zinanawiri nayo. Mboga ya majani inaliwa yote, na kilichomo kwenye mtaro kinaingia jikoni kwako.

Sasa twende kwenye mchicha, mboga itakayokufundisha bustani nzima. Gawa tuta lako vipande vinne vya mita 1 kila kimoja, kwa kamba au vijiti. Wiki ya kwanza panda kipande cha kwanza tu. Wiki ya pili panda cha pili. Ukifika cha nne, cha kwanza kinakaribia kuvunwa. Unakivuna kwa kung'oa, unaongeza nusu ndoo ya mboji, unamwagilia, unakipumzisha siku mbili, unapanda tena. Kuanzia wiki ya tano kila wiki kuna kipande cha kuvuna, na kipande cha mita moja ya mraba kilicholishwa vizuri kinatoa kama kilo 2.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, gramu moja ina mbegu elfu moja hadi elfu tatu. Nusu kijiko cha chai inatosha mita ya mraba. Changanya na konzi ya mchanga mkavu ili zisidondoke rundo, chora mistari yenye kina cha nusu sentimita, mstari hadi mstari sentimita 20, nyunyiza, funika kidogo, tandaza nyasi kavu, mwagilia. Kama baada ya siku 5 hakuna kilichoota, usimlaumu muuza mbegu haraka. Kwanza angalia kina: iliyofukiwa sentimita 3 haina nguvu ya kutoka. Pili, fuata njia ya sisimizi. Wanabeba mbegu za mchicha moja moja hadi mstari unabaki mtupu. Mkanda wa jivu kavu kuzunguka kipande unawazuia, lakini ukilowa haufai tena, hivyo uweke upya baada ya kumwagilia. Nyasi ziondoe jioni ya siku uliyoona vichwa vya kwanza vya miche. Ukichelewa siku mbili, miche inarefuka kutafuta mwanga, inakuwa kama uzi na inaanguka.

Ikifika wiki mbili, punguzia mpaka mche hadi mche ubaki upana wa vidole vitatu. Ulichopunguza ni mboga, kikapikwe jioni hiyo hiyo. Geuza majani uangalie chini. Ukiona vipele vyeupe kama chokaa, ni kutu nyeupe, inakuja kwa msongamano na majani kulala na maji. Vuna mapema, mwagilia asubuhi, punguzia zaidi safari ijayo. Ukiona jani limekunjwa na kushonwa kwa nyuzi, lifungue: kuna kiwavi wa kijani ndani. Kwenye mita 4 hakuna haja ya dawa, mtu mmoja anawamaliza kwa vidole kwa robo saa. Mchicha ukishapandwa mizunguko mitatu kwenye kipande kimoja, weka kunde za majani mzunguko mmoja, udongo upumue.

Pembeni ya tuta, ukutani, weka matembele. Kata marando ya sentimita 30, ondoa majani ya chini, fukia vifundo viwili au vitatu kwa kulaza, sentimita 25 toka rando hadi rando. Wiki ya tano unaanza kuchuma, na kila wiki mbili unarudi. Hakuna mboga inayosamehe uzembe kama hii.

Nyanya na bamia ndizo zinazowaumiza wengi, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Mchanga wetu wa pwani ni makao ya minyoo fundo, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayoingia kwenye mizizi. Mche unadumaa, unanyauka mchana na kuamka jioni, na mwenye bustani anaongeza maji. Ng'oa mmoja kwa uangalifu, uoshe mizizi kwenye beseni na uangalie. Ukiona mafundo yaliyo sehemu ya mzizi wenyewe, yasiyobanduka kwa kucha, ndiyo hao. Kunde nazo zina vifundo, lakini vya kunde vinabanduka ukivigusa na ndani vina rangi ya waridi. Hivyo ni rafiki, vinatengeneza naitrojeni. Minyoo fundo haina dawa ya kunyunyiza inayofaa nyuma ya jiko. Ng'oa mche na mizizi yake yote, usiitie kwenye mboji. Usifuatishe jamii moja: nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili na mnafu ni ndugu, na bamia ingawa si ndugu yao inashambuliwa vibaya vile vile. Anayetoa nyanya zenye mafundo na kupanda bamia hapo hapo anapoteza mbegu. Januari na Februari, jua likiwa kali, lowesha tuta hilo, lifunike kwa plastiki inayopitisha mwanga, ukandamize kingo kwa udongo, na uliache wiki 4 hadi 6. Joto linaua minyoo mingi ya tabaka la juu.

Kuna mnyauko mwingine, wa bakteria, ambao mche unalala ghafla ukiwa bado kijani na hauamki. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye jeraha, ni bakteria. Mahali hapo usipande jamii ya nyanya tena kwa miaka. Hamia kwenye ndoo zenye udongo kutoka kwingine, na kisu ukioshe kwa maji ya moto. Ndoo ya lita 20 yenye matundu matano chini inabeba shina moja la nyanya vizuri.

Miche ya nyanya inapokuwa kitaluni, adui ni inzi weupe wanaobeba virusi vya kukunja majani. Chandarua cha mbu hakiwazuii, matundu yake ni makubwa kwao. Tumia kitambaa chepesi cha pazia, ukinyooshe juu ya fito na kufukia kingo. Mche uliokwisha kukunjamana hauponi kwa dawa yoyote, ung'oe. Kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014, utamjua kwa jani lenye madoa yanayopitisha mwanga kama karatasi iliyolowa mafuta. Chuma majani hayo, yafunge kwenye mfuko wa plastiki, uuache juani siku kadhaa ili viwavi wafe. Na kitako cha nyanya kikiwa cheusi na kubonyea, huo si ugonjwa wa kuambukiza. Maji yamekuja leo mengi, kesho hakuna, na madini ya kalisi hayakufika kwenye tunda. Wengi hufukia maganda ya mayai wakitegemea tiba, lakini yanaoza polepole mno kuokoa nyanya za msimu huu. Matandazo na maji ya kila siku ndiyo yanayofanya kazi.

Bamia loweka usiku mmoja, mbegu mbili kwa shimo, kina sentimita 2, nafasi sentimita 40, kisha acha mche mmoja. Baada ya siku 50 hadi 60 unachuma kila baada ya siku mbili, zikiwa na urefu wa kidole. Ukiacha moja ikomae na kuwa na nyuzi, shina linadhani kazi imekwisha na linapunguza kuzaa.

Viungo vya majani havihitaji tuta. Mnanaa upande kwenye ndoo au karai lililotoboka, mahali penye kivuli cha mchana. Ukiupanda tutani utaliteka lote. Kata vikonyo vya sentimita 10 vya mnanaa wa sokoni, vitie kwenye glasi ya maji, badilisha maji kila siku mbili, na ndani ya siku 10 hivi utaona mizizi. Mchaichai ugawe kutoka kichaka cha jirani, mashina matatu kwa shimo, kata majani yabaki sentimita 15, na uupe nafasi ya sentimita 60 kila upande maana utatanuka. Upande kwenye mteremko, mizizi yake inazuia mchanga kuhama. Mrehani uanze kukatwa ncha ukiwa na jozi nne za majani, juu kidogo ya jozi ya pili. Kila ulipokata zinatoka ncha mbili, na maua yakatwe yanapochomoza ili majani yasipungue. Anayetaka mrehani wa vikuba vya harusi aache mashina mawili yachanue.

Kotimiri ndiyo inayoulizwa kila mahali, na ndiyo inayoshindwa zaidi. Makosa ni matatu. La kwanza ni kuipanda Januari: joto likizidi nyuzi 30 kila siku, inaruka majani na kwenda kwenye maua. Pwani ipandeni kati ya Mei na Agosti, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, mathalani chini ya mpapai. La pili ni kuihamisha. Mzizi wake mkuu ni mrefu na haupendi kuguswa, kwa hiyo ipande pale itakapovunwa. La tatu ni kupanda mbegu nzima. Kila punje ya giligilani ni mbegu mbili zilizoshikana. Zitandaze juu ya kitambaa, zibiringishie chupa polepole mpaka zipasuke vipande viwili bila kusagika, ziloweshe usiku mmoja, kisha panda kina cha sentimita 1. Hata giligilani ya pilau ya dukani huota, kama haikukaangwa na haijakaa miaka kwenye kopo. Subira inahitajika, wiki moja hadi mbili kabla haijachomoza, na uso wa udongo usikauke hata siku moja. Unavuna majani ya nje baada ya wiki 6 hivi, na unapanda mstari mpya kila wiki tatu hadi Agosti.

Kwa vidukari vinavyojaa chini ya majani ya bamia na chainizi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji kinatosha, kinyunyizwe chini ya jani ambako wamejificha, jioni, na kurudiwa baada ya siku tano. Sabuni ikizidi, inaunguza. Kwa viwavi, ponda gramu 50 za kokwa za mwarobaini kwa lita moja ya maji, ziloweke usiku, chuja kwa kitambaa, tia tone la sabuni, nyunyiza siku hiyo hiyo jua likizama. Mchanganyiko uliokaa siku tatu umekwisha nguvu, na ulionyunyizwa mchana jua linauharibu.

Kwa hiyo kazi ya mwisho wa wiki hii ni kuchimba tuta la mbonyeo, kuchanganya ndoo nane, na kumwagilia bila kupanda kitu, kwa siku saba, ili magugu yaote na uyaparure. Kipande cha kwanza cha mchicha kipandwe wiki ijayo. Kotimiri haisubiri tuta. Tayarisheni ndoo moja yenye mboji chini ya mpapai, na mbegu zake ziloweshwe usiku wa leo.